Uko kazini na unautaka uhadhiri? Namna ya kuufanya uzoefu wako uhesabike

Naandika hii kwa vijana wetu wa Tanga waliomaliza digrii, wako makazini au wanazunguka na vibarua vya miradi, na moyoni bado wanautaka uhadhiri. Swali linalonifikia kila mara ni lile lile, kaka mimi nina miaka minne kazini, je itanibeba nikiomba chuo? Jibu langu ni kwamba inategemea hiyo miaka minne imekuachia nini mkononi, maana chuo hakihesabu miaka kama kampuni inavyohesabu, chuo kinaanza na alama zako, kikiridhika kinauliza umefundisha nini, umetafiti nini, umechapisha wapi, na kwenye fani yako umesajiliwa na bodi gani. Miaka isiyojibu hata swali moja kati ya hayo, hata ikiwa kumi, mezani inapita tu.

Twende taratibu basi, maana hapa ndo vijana wengi wanapotezea muda na nauli.

Jua kwanza mlango uko wapi

Vyuo vikuu vyetu viko chini ya TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, na ngazi zake zinaeleweka, unaanza TA (mkufunzi msaidizi, tutorial assistant), unapanda mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, mpaka profesa. Kwa TA matangazo mengi yanataka digrii ya kwanza yenye GPA (wastani wa alama zako) isiyopungua 3.8 kati ya 5. Mhadhiri msaidizi anatakiwa awe na masta, na GPA inayotajwa sana hapo ni 4.0, halafu digrii ya kwanza bado inarudi kuangaliwa. Kuanzia mhadhiri unaongelea PhD. Sasa soma tena hayo masharti uniambie ni wapi pameandikwa kwamba miaka mitano ya kazi inaigeuza 3.4 kuwa 3.8. Hakuna. Uzoefu unaanza kufanya kazi ukishavuka mstari wa GPA, pale ambapo mko ishirini wenye alama zinazofanana na panel, yaani kamati ya usaili, inatafuta sababu ya kukuchagua wewe.

Kwa hiyo kabla hujaanza kupamba CV, toa transkripti yako uiangalie kwa macho makavu. Kama uko juu ya mstari, soma hii yote kwa ajili ya kujitofautisha na wenzako. Kama uko chini usikate tamaa ila ubadilishe njia, ingia vyuo vya kati vilivyo chini ya NACTVET, lile baraza la elimu ya ufundi, vile vinavyotoa cheti na diploma, hapo unaitwa mkufunzi, na hapo uzoefu wa kazi za mikono na ofisini una uzito mkubwa kuliko chuo kikuu kwa sababu wanafunzi wanaandaliwa kwenda kazini moja kwa moja. Na mkoa wetu huu una vyuo jamani, kuna kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma hapa mjini, kuna LITA Buhuri kwa watu wa mifugo, kuna vyuo vya afya, kuna chuo cha ualimu Korogwe, ukipanda Lushoto kuna Chuo cha Uongozi wa Mahakama na kule Magamba kuna SEKOMU ambacho ni chuo kikuu kabisa. Halafu Mzumbe nao wanajenga kampasi upande wa Mkinga kupitia mradi wa HEET, ule uliopitishwa na Benki ya Dunia mwaka 2021 kwa dola milioni 425 kwa ajili ya vyuo vikuu vya umma, na mradi ule una pesa za majengo na pia za kuwasomesha wahadhiri. Kampasi mpya inahitaji watu wa kufundisha. Kijana wa Maramba au Gombero mwenye alama nzuri anatakiwa awe anajiandaa sasa hivi, asisubiri tangazo litoke ndo aanze kukimbizana na vyeti.

Kufundisha: usitoke bila barua yenye saa

Huu ndo uzoefu ulio karibu zaidi na uhadhiri na ndo watu wanaoutunza vibaya kuliko wote. Umefundisha patitaimu chuo cha kati, ukalipwa kwa saa, ukaondoka, ukiulizwa ushahidi unatoa barua ya mistari minne. Binti mmoja wa Mikanjuni aliniletea ya kwake niitazame, imeandikwa kwamba alikuwa mchapakazi, mwaminifu, mwenye ushirikiano mzuri na wenzake, na wanamtakia kila la heri. Hakuna jina la somo, hakuna muhula, hakuna idadi ya wanafunzi, yaani barua ile ile ungeweza kumpa mlinzi wa geti ikamfaa. Na yule binti nilijua kazi aliyoifanya, alikuwa anasahihisha mpaka usiku, lakini karatasi haikusema.

Tukakaa tukaandika rasimu, akairudisha kwa mkuu wake wa idara akiomba ithibitishwe na isainiwe kwenye karatasi yenye nembo ya chuo. Ikawa inasomeka hivi:

"Nathibitisha kuwa alifundisha somo la Takwimu za Afya, NTA ngazi ya 5, saa nne kwa wiki kwa muhula mzima, darasa la wanafunzi 62. Alitunga na kusahihisha majaribio mawili na mtihani wa mwisho wa muhula, na alisimamia fildi ya wanafunzi 11."

Ona tofauti (NTA ni zile ngazi za masomo za vyuo vya kati). Anayeisoma hii anajua huyu mtu ukimpa darasa Jumatatu hatapata kigugumizi. Na wakuu wa idara wengi hawakatai kusaini barua ya hivi, tatizo ni kwamba wana kazi nyingi, ukiwaachia waandike wenyewe watakupa ile ya la heri. Wewe andaa rasimu, weka ukweli mtupu, usiongeze hata saa moja, maana chuo unachoomba kinaweza kupiga simu kuuliza.

Iombe kila muhula unapoisha. Ukisubiri miaka mitatu mkuu wa idara kahamia mkoa mwingine, ratiba zimepotea na aliyebaki ofisini hakujui. Pamoja na barua tunza mpango wa somo ulioutumia, maswali uliyotunga, na kama chuo kinawapa wanafunzi fomu za kumtathmini mwalimu omba nakala ya majumuisho, hizo karatasi zitakuja kukuokoa kwenye usaili.

Na kama bado hujapata patitaimu usisubiri tangazo, kazi nyingi za namna hii hazitangazwi popote. Vaa vizuri, nenda na CV ya kurasa mbili na transkripti, muulize mkuu wa idara ni somo gani muhula huu halina mtu, kisha umwambie unaweza kulibeba lipi. Tanga mji wetu ni mdogo, kutoka Chumbageni mpaka Kange unaweza kupita vyuo kadhaa kwa siku moja na bado ukawahi kurudi nyumbani kula.

Utafiti: ukae karibu na kalamu

Hapa ndo naomba mnisikilize kwa makini sana. Mkoa wa Tanga umejaliwa vituo vya utafiti kuliko wengi tunavyojua. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, wana kituo chao pale Bombo penye hospitali ya mkoa, wana kituo cha Amani ambacho kazi zake nyingi zinafanyika Muheza, na Korogwe wapo pia, malaria na magonjwa mengine yametafitiwa hapa kwetu kwa miaka mingi. Amani yenyewe Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo tangu 1902. TARI Mlingano wako na mkonge na udongo, TALIRI Tanga wako na mifugo, TAFORI wana kituo Lushoto kwa misitu, na baharini tuna hifadhi ya silikanti, yule samaki wa kale, iliyotangazwa 2009. Kwa hiyo miradi inakuja na vijana wetu wanapata kazi za kukusanya data, miezi mitatu, miezi sita, wakati mwingine mwaka, wanashukuru Mungu, mradi ukiisha wanarudi Makorora kusubiri mwingine.

Shida ni kwamba unaweza kukusanya data miaka sita ukawa huna hata pepa moja yenye jina lako, na chuoni pepa ndo inayoongea. Majarida mengi ya tiba na afya duniani yanafuata kanuni za ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, kuhusu nani aitwe mwandishi, na masharti yake ni manne: uwe na mchango mkubwa kwenye kubuni utafiti, kukusanya data, kuichambua au kuitafsiri, uwe umeshiriki kuandika au kuihakiki rasimu kwa kina, uwe umeridhia toleo la mwisho, na ukubali kuwajibika kwa kazi nzima. Lazima yatimie yote manne. Anayezunguka vijijini na tableti mara nyingi anaweza kudai lile la kwanza tu, ndo maana jina lake linaishia kwenye shukrani. Ila kuna kitu wengi hawakijui, kanuni hizo hizo zinasema aliyetimiza sharti la kwanza apewe nafasi ya kushiriki hayo mengine. Kwa hiyo una haki ya kuomba, na ukiomba kwa adabu mwanzoni mwa mradi unasikilizwa zaidi kuliko ukilalamika mwishoni.

Unaombaje? Siku za mwanzo mwanzo wa kazi, baada ya mafunzo, mfuate kiongozi wa mradi au mtafiti mkuu mwambie, "Dokta, shikamoo. Mimi nia yangu ni kuendelea na masta na baadae kufundisha. Naomba mkifika kwenye uchambuzi mnishirikishe hata sehemu ndogo, nitaifanya kwa muda wangu." Basi. Wengi wa watafiti wetu walipita njia hiyo hiyo na wanaelewa. Ila ukipewa nafasi uwe na cha kuleta, kwa hiyo wakati wenzako wanalala mchana gesti Muheza wewe jifunze R au Stata, zile programu za kuchambua data, jifunze QGIS kwa ramani, R na QGIS ni za bure kabisa unahitaji laptopu na bando tu. Mkusanya data anayejua kuisafisha ile data na kutoa jedwali la kwanza anaitwa ofisini, na akishaitwa ofisini yuko karibu na pale pepa inapoandikwa.

Kuhusu mahali pa kuchapisha, tafadhali sana kaeni mbali na yale majarida yanayokutumia imeili usiku kwamba pepa yako itatoka ndani ya siku tatu ukilipa dola mia. Kamati za ajira na za kupandisha vyeo siku hizi zinaangalia jarida, na pepa ya jarida feki inaweza kukuharibia kuliko kutokuwa na pepa. Kwa afya kuna Tanzania Journal of Health Research la NIMR wenyewe, kwa majarida ya Afrika ingia tovuti ya AJOL utafute fani yako, kwa ya wazi, yanayosomwa bure, angalia orodha ya DOAJ. Watu wa Kiswahili nanyi msijione mmeachwa, TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani, wana majarida kama Kiswahili, Mulika na Kioo cha Lugha, na sisi tumezaliwa pwani, lahaja zetu, majina ya wavuvi, nyimbo za ngoma za Pangani na Mkinga ni utafiti ambao mtu wa nje atahitaji miaka kuufikia. Mwalimu wa Kiswahili aliyeko Mtang'ata anaweza kuandika makala nzuri akiwa kituoni kwake.

Ukishapata hata pepa moja fungua ORCID, utambulisho wa watafiti mtandaoni, ni bure, unapewa namba ya tarakimu 16 inayobaki na jina lako maisha yote, hasa wewe unayeitwa Mohamedi Ali au Asha Juma, maana mko wengi na kazi zenu zinachanganywa.

Kazi za fani na bodi za usajili

Kuna fani ambazo uzoefu wa kazi una uzito kwa sababu umebeba usajili. Mhasibu mwenye CPA kutoka NBAA, bodi ya wahasibu, anafundisha uhasibu akiwa na kitu ambacho mwenye masta tupu hana. Injinia aliyesajiliwa na ERB (bodi ya wahandisi), wakili aliyepita Law School na kuapishwa, muuguzi mwenye leseni ya baraza lake, mtu wa manunuzi mwenye cheti cha CPSP cha bodi yao ya PSPTB, hawa wote vyuo vinawatafuta kwa sababu kozi zao zenyewe zinasimamiwa kwa karibu na hizo bodi. Kwenye vyuo vya afya ndo kabisa, huwezi kumsimamia mwanafunzi wodini Bombo wewe mwenyewe huna leseni hai. Kwa hiyo kama uko kazini sasa hivi na bodi yako ina mtihani au mafunzo ya vitendo, mainjinia mna ule mpango wa mafunzo kazini wa SEAP wa miaka 3, malizeni kabla hamjaondoka huko. Ukishaingia chuoni muda wa kurudi kiwandani kutafuta usajili unakuwa mgumu kupata.

Ambao hawana bodi, mfano watu wa biashara, logistiki, utalii, maendeleo ya jamii, nyie mnatakiwa muigeuze kazi kuwa swali la utafiti. Nitoe mfano wa bandari maana wengi mko pale au kwenye kampuni za kutoa mizigo. Zamani meli inatia nanga nje huko, mzigo unashushwa kwenye matishari ndo unaletwa gatini, kina cha gati kilikuwa kidogo. Sasa bandari imeongezwa kina mpaka mita 13 na meli kubwa zinafunga gatini zenyewe. Kijana aliyekuwa kampuni ya kutoa mizigo kabla na baada ya mabadiliko hayo ameona kitu ambacho profesa wa usafirishaji angetamani akione. Amejua meli ilikuwa inakaa siku ngapi, kontena linakwama wapi, karatasi gani inachelewesha. Akiandika maelezo yake vizuri kila wiki, tarehe, aina ya mzigo, ilipokwama, sababu yake, ana mada ya tasnifu ya masta imekaa tayari, na kwenye barua ya kuomba masta anaongea kwa uhakika.

Angalizo kubwa: rekodi za kampuni ni mali ya kampuni. Usizibebe kwenye flashi ukaondoka nazo. Andika barua uombe ruhusa ya kuzitumia kwa masomo, waambie utaficha majina ya wateja, na hiyo ruhusa uiambatanishe kwenye pendekezo lako la utafiti. Wakikataa bado una macho yako na unaweza kuhoji watu kwa utaratibu wa chuo.

Walimu wa sekondari

Nyie ndo mnanipa huruma zaidi kwa sababu mnafundisha kuliko mtu yeyote na chuo kikuu kinaiangalia kazi yenu kidogo sana. Mwalimu amekaa Usagara au Galanos miaka nane, vipindi ishirini na kitu kwa wiki, anajua darasa vizuri, lakini kwenye nafasi ya TA anashindanishwa na mtoto aliyemaliza juzi mwenye 4.4. Nasema wazi kwamba sioni kama ni haki, ila ndo ilivyo kwa sasa na lazima upange kwa kuijua hali.

Njia yenu nzuri ina sura mbili. Moja ni vyuo vya ualimu, huko miaka yenu ya darasani inathaminiwa kwelikweli kwa sababu mnawafundisha walimu watarajiwa. Nyingine ni masta, na hapa msisome masta ya chochote kile kilicho karibu, someni ile inayowafungulia idara mnayoitaka. Mwenye digrii ya ualimu ya Fizikia akisoma masta ya uongozi wa elimu ajue ameshahama, ataomba idara za elimu, idara ya Fizikia itamuuliza masta yake iko wapi. Fikirieni hilo kabla ya kulipa ada. Na kwa kuwa mko serikalini hakikisha umethibitishwa kazini, ule mwaka wa majaribio uishe, ruhusa ya masomo uipate kwa maandishi kwa mkurugenzi wa halmashauri. Wapo walioondoka kimya kimya kwenda kusoma wakarudi wakakuta wamefutwa kwenye mishahara.

Skolashipu: hapa uzoefu unalipa kabisa

Kama nilivyosema mlango wa chuo unataka GPA, ila pesa ya masta mara nyingi inataka uzoefu, na watu wengi hawaunganishi hayo mawili. Chevening ya Uingereza inataka saa 2,800 za kazi, yaani kama miaka miwili ya kazi. Saa hizo zinaweza kutoka kazi ya kudumu, ya muda, ya kujitolea, hata intanshipu, ila ile fildi uliyofanya kwa sababu kozi ya digrii ilikulazimisha haihesabiwi. Chukua daftari upige hesabu yako, ukijitolea saa 20 kwa wiki utahitaji wiki 140, ukiwa na kazi ya saa 40 ni wiki 70. DAAD ya Ujerumani kwenye zile kozi za EPOS zinazohusu maendeleo wanataka angalau miaka miwili ya kazi baada ya digrii, na digrii yako ya mwisho isiwe imezidi miaka sita. Unaona hapo? Kuna mlango unafunguka ukifika miaka miwili na unaanza kujifunga ukifika sita. Aliyekaa kazini miaka tisa akisema anajipanga ameshapitwa na hiyo, akatafute nyingine.

Kwa hiyo mwaka wa pili na wa tatu kazini ndo wakati wako wa kuomba, usiupoteze. Na wadhamini wako wawe mchanganyiko, mmoja mhadhiri aliyekusimamia utafiti wa digrii, mwingine bosi wako wa kazini. Yule mhadhiri usimpotezee, mtumie salamu, mpe taarifa unafanya nini, mtumie hata pepa uliyoisoma ukaona inamhusu, maana mtu aliyekufundisha 2019 hawezi kukuandikia barua nzuri 2026 kama hajui ulipo.

Wakati wa kuomba

Nafasi za vyuo vya umma zinapitia Sekretarieti ya Ajira, kwenye mtandao wao wa Ajira Portal. Vyuo binafsi unaomba chuoni kwenyewe, soma tangazo linasema barua ielekezwe kwa nani. Kwenye portal masharti ya jumla yanajirudia na bado watu wanakwama hapo hapo: umri usizidi miaka 45 kwa ambaye hayuko kwenye utumishi wa umma, vyeti vithibitishwe na mwanasheria au wakili, barua iwe na sahihi, wadhamini watatu wenye simu zinazopatikana, matokeo ya muda na testimonio hawapokei, na waliosoma nje vyeti vyao vipite TCU kwanza. Huo umri wa 45 uuweke kichwani wewe unayesema ntaomba nikishajenga, miaka inakwenda.

Kwenye CV ya kuomba chuo panga tofauti na ile ya kampuni. Elimu na GPA juu, kisha kufundisha, kisha utafiti na machapisho, kisha usajili wa bodi, halafu ndo kazi nyingine. Kila kazi iandikwe kwa kile ulichozalisha. "Afisa miradi, nilihusika na shughuli za jamii" haina maana yoyote kwa mkuu wa idara. "Nilifundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii 40 wilaya ya Kilindi, niliandaa mwongozo wa mafunzo wa kurasa 25, nilichambua data ya kaya 600" hiyo anaielewa, hata kama hujawahi kukanyaga darasa la chuo.

Usaili mara nyingi unaanza na mchujo wa kuandika, halafu mahojiano, na sehemu nyingi utaambiwa ufundishe mada fupi mbele ya panel. Hapa sasa ndo mtu wa kazini anapomshinda yule wa 4.4. Chukua nadharia moja ya kozi, ieleze kwa dakika tatu nne, kisha ishushe kwenye kitu ulichokiona kwa macho yako, wa mkonge aongelee shamba la Ngomeni na udongo wake, wa afya aongelee kaya iliyokataa chandarua na sababu waliyoitoa, kisha umalizie na zoezi moja utakalowapa wanafunzi. Usitumie muda wote kusimulia kazi yako ya zamani, panel inataka kuona kama unaweza kuitoa kwenye simulizi ukaifanya somo.

Ukipata ujue kwamba ajira ni mwanzo tu wa kuhesabiwa upya. TA anatarajiwa aende masta, mhadhiri msaidizi aende PhD, na kupanda cheo vyuo vya umma kunaangalia miaka isiyopungua 3 kwenye nafasi uliyopo pamoja na machapisho yaliyopimwa kwa pointi. Ile miaka ya benki au bandari haikupandishi tena hapo. Inakupa mada, inakupa watu wa kuwapigia simu wanafunzi wako wakitafuta fildi, na inakusaidia kwenye kazi za ushauri ambazo chuo kinazifanya kwa taasisi, na hizo kazi za ushauri zinaingia kwenye tathmini yako. Usikate mawasiliano na ofisi uliyotoka.

Mwisho kwa ambaye tayari yuko serikalini na anataka kuhamia chuo kwa kada nyingine: barua yako ya maombi lazima ipitie kwa mwajiri wako. Matangazo mengi yanakupa kama wiki mbili tu, na barua kutoka kwa mkuu wa shule mpaka imfikie mkurugenzi na irudi na muhuri inaweza kumaliza siku zote hizo. Kwa hiyo zungumza na mkuu wako mapema, muonyeshe vyeti, mwambie nia yako kabla tangazo halijatoka, na rasimu ya barua iwe imeshachapwa imebaki kujazwa kumbukumbu namba ya tangazo. Siku linapotoka unaamka asubuhi unapanda gari la kwanza kwenda halmashauri.